Kitabu Alichokifuta Shangazi

Shangazi alipotimiza miaka sabini, watoto wake walimfanyia sherehe ya shukrani nyumbani kwa Mutua, mwanawe wa kwanza, kusini-magharibi mwa Houston. Tuliendesha gari kwa muda wa saa nne kutoka Grand Prairie tukiwa na sufuria mbili za muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, kwenye buti: mimi, Mama, na binti yangu Ndinda mwenye miaka kumi na miwili. Baba alibaki kwa sababu goti lake halimruhusu tena kukaa garini muda huo wote. Baada ya maombi na keki, Shangazi alipewa kipaza sauti, na Shangazi akipewa kipaza sauti hakirudi upesi. Alishukuru Mungu, akashukuru madaktari, akataja watoto wake mmoja mmoja na vyeo vyao, kisha akaninyooshea kidole. "Mnamwona huyu Mwende? Niece yangu. Anasahihisha Kiingereza cha wazungu pale Irving, na wanamlipa. Hicho Kiingereza chote kilitoka kwa kitabu changu. Niliwapa bure, wakati hawakuwa na kitu." Watu walipiga makofi. Mama naye, aliyekaa karibu yangu na sahani ya chapati mapajani, alipiga makofi. Niliitazama mikono yake ikipiga, na yangu nikaikalia.

Tulipokaa mezani kula, Shangazi alisikia kwamba Ndinda anasomea nyumbani kama nilivyosomea mimi, na kwamba mwaka huu anaanza kozi yake ya mwisho ya sarufi. Akauliza ni kozi gani. Nikasema bado tunachagua. "Usinunue," akasema, huku akinisogezea bakuli la kachumbari. "Mtoto wa Mutua amemaliza yake juzi tu. Nitai-erase vizuri usiku huu, kesho mnaenda nayo." Mama aliacha kutafuna. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, na kwa kweli nimekuwa nalo tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Lakini nikilisema hapa kabla ya kueleza mwaka ule, msomaji ataniona mtu asiye na adabu, na katika ukoo wetu hilo ni kosa kubwa kuliko uongo.

Mwaka ule tulikaa kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili Grand Prairie, na darasa langu lilikuwa meza ya jikoni. Shule ya mtaani ilikuwa imeniweka muhula mzima na watoto waliojifunza kutaja matunda kwa Kiingereza, mimi niliyekuwa nimefika Amerika nikisoma magazeti, na Mama akanitoa huko bila kumwuliza mtu. Alikuwa amefundisha darasa la saba na la nane huko Machakos kwa miaka kumi na mmoja. Hapa alikuwa msaidizi wa wauguzi katika kituo cha kutunza wazee Irving, zamu za Ijumaa mpaka Jumapili, ili siku nyingine awe mwalimu wangu. Meza ile ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye picha za ndimu, na ndimu moja ilikuwa imeungua kwa sufuria. Hapo ndipo nilipokuwa nikiweka kiwiko. Saa nne tulikunywa chai na viazi vitamu, na hakuna siku Mama alianza somo bila kuvaa sketi na kufunga kitambaa kichwani, ingawa mwanafunzi alikuwa mmoja na alikuwa amevaa soksi za kulalia.

Kozi ya mwisho ya sarufi ni jambo zito kwa wazazi wanaofundisha nyumbani. Baada yake mtoto hasomi sarufi tena, anaingia kwenye uandishi, na kilichoachwa hapo kimeachwa. Kwangu ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu kikundi cha familia za Kikenya kilichokutana kila Alhamisi katika ukumbi wa kanisa Carrollton kilikuwa na darasa la juu la uandishi, na hakuna aliyeingia humo bila kuonyesha kitabu cha sarufi alichomaliza pamoja na alama zake. Nililitaka darasa lile kuliko nilivyotaka simu. Mbele yetu kulikuwa na njia tatu. Baba alitaka kozi ya video, kwa kuwa rafiki yake wa kazini katika uwanja wa ndege aliisifu. Auntie Lydia, aliyeongoza kikundi na kufundisha darasa hilo la juu, alipendekeza kozi ambayo mzazi anasoma maneno yaliyoandikwa tayari, asiongeze lake. Na Shangazi alituma kutoka Houston kile kitabu kinene alichotumia Mutua. Mama alizisoma zote tatu tangu jalada mpaka jalada, garini, kwenye maegesho ya kituo, saa yake ya mapumziko. Alirudi akaweka kitabu kinene mezani. "Hiki," alisema. "Hivi vingine vinamwogopa mtoto. Hiki kinamwuliza."

Inabidi nieleze desturi. Katika jamii yetu huku Texas vitabu vya masomo ya nyumbani havikai kwa mwenye navyo. Vinahama nyumba hadi nyumba, Houston kuja Dallas, Dallas kurudi Houston, na kanuni ni moja: anayetoa anafuta majibu ya mwanawe kwa raba kabla ya kutoa. Shangazi alikuwa amefuta. Lakini Mutua alikuwa mtoto wa kukandamiza penseli kana kwamba anachimba shimo, na baada ya raba kupita, mitaro ya penseli ilibaki kwenye karatasi. Ukikiinamisha kitabu kidogo kuelekea dirisha, majibu yote yalisimama wima. Niligundua hayo asubuhi ya kwanza, Mama akiwa anaosha vikombe. Naungama, nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikuwa malaika. Nilimaliza zoezi la maswali ishirini kwa dakika tano. Mama alikausha mikono, akasoma majibu yangu, akakichukua kitabu akaenda nacho dirishani, akakiinamisha. Alisoma mpaka mwisho wa ukurasa. "Leo umefundishwa na Mutua," alisema. "Na Mutua alikosea la saba."

Hakunichapa na hakumpigia Shangazi simu. Alitoka akanunua madaftari sita, na kuanzia wiki hiyo akawa ananakili mazoezi yote ya kitabu kile kwa mkono wake, mbele ya zoezi langu kwa siku mbili tatu, katika mapumziko yale yale ya kituoni. Kurasa zilinukia dawa ya kuoshea mikono. Kitabu kikakaa juu ya friji na sikukifungua tena. Ila Mama hakuweza kunakili tu. Sentensi za kitabu zilimchosha, wale wakulima na farasi wao na mabibi wao wenye mikate ya maboga, basi akaanza kuzibadilisha. Ujenzi wa sentensi aliuacha vilevile, watu akaweka wetu. Nilichanganua sentensi za Kiingereza zilizosema kwamba Baba, ambaye hajawahi kuosha sufuria, anasema chai ina maji mengi. Nilichanganua jirani wa ghorofa ya juu na mbwa wake. Nilichanganua mzee wa kituoni ambaye kila Ijumaa alimwomba Mama amtafutie mke na kila Jumapili akamwambia ameghairi. Nilikuwa nikisubiri zoezi la kesho kama wengine wanavyosubiri sinema. Mengi niliyoyajua kuhusu maisha ya Mama mwaka ule niliyajua humo, kwa sababu kwa mdomo hakusema. Kila zoezi alilisahihisha kwa kalamu nyekundu akiwa amesimama, kama alivyofanya kwao, na hakunipa alama hata moja ya bure. Nikiuliza nimekosea wapi, alinijibu kwa Kiswahili, ananieleza Kiingereza kwa Kiswahili mpaka kinang'aa. Sijapata mwalimu mwingine wa namna ile, na nimesoma vyuo viwili.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano Mama aliomba ruhusa kazini, kwa sababu Auntie Lydia alikuwa anakuja kwetu kuangalia kitabu changu na alama zangu. Ikatokea kwamba Shangazi naye alikuwa amekuja Dallas kwa harusi na amelala kwetu. Asubuhi nilifanya zoezi la mwisho la daftari la sita, nikaliweka kwenye droo ya meza pamoja na mengine, Mama akasema atalisahihisha wageni wakiondoka. Alipika pilau na kuku, akatoa vikombe vya maua. Auntie Lydia alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani ya mnyororo, na upole wake ndio uliotumaliza. Alikula, akasifu pilau, akafuta mikono, akaomba kitabu. Alama, ambazo Mama alikuwa amezinakili kwenye karatasi, alizisoma akitikisa kichwa kwa furaha, kumi na nane, kumi na tisa, kumi na nane. Kisha akafungua kitabu chenyewe, na dirisha lilikuwa nyuma yake.

Nilimwona akikiinamisha. Akageuza ukurasa, akainamisha tena. "Mama Mwende," alisema polepole, "majibu yote yako humu. Yanasomeka." Akaiacha miwani ining'inie kifuani. "Hatumlaumu mtoto. Mtoto ni mtoto. Lakini hizi marks, siwezi kuzi-accept. Mtoto amekuwa ana-copy mwaka mzima na hakuna mtu amenotice." Nikamtazama Shangazi. Alikuwa mtu mmoja pale aliyeweza kumaliza jambo lile kwa maneno matano: hayo ni ya mtoto wangu. Shangazi alikunja kitambaa chake cha mezani mara mbili. "Mimi niliwapa kitabu," alisema. "Vile wamekitumia, hiyo ni yeye na mamake."

Droo ilikuwa karibu na goti langu. Nilipeleka mkono, na chini ya meza Mama akanishika kifundo cha mkono. Alinishika kwa nguvu ya mtu anayeinua wagonjwa. Nilisema, "Nipeni zoezi lolote, nilifanye hapa hapa mkiniangalia." Baba akasema, "Mwende, nyamaza, watu wazima wanaongea." Basi watu wazima wakaongea. Auntie Lydia alisema si vibaya mzazi kukubali mipaka yake, na kwamba Kiingereza cha kule nyumbani si kile cha huku, na mtoto anachanganyikiwa akifundishwa lugha mbili kwa wakati mmoja. Alisema kozi ya video ni nzuri, mtoto ana-press play tu, hakuna kubahatisha. Ningerudia sarufi mwaka mmoja nikiwa darasa la chini. Baba akasema sawa, tutaanza Jumatatu. Na Mama, ambaye bado alikuwa amenishika kwa mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia akamwongezea Auntie Lydia chai.

Jioni Baba alipokuwa amempeleka Shangazi harusini na kurudi, niliwasikia kupitia ukuta wa chumba changu, ambao ulikuwa mwembamba hata ungesikia mtu akikuna kichwa. "Si ungesema tu?" Baba aliuliza. "Madaftari si yalikuwa hapo?" Mama akamjibu, "Nikitoa madaftari wataniuliza niliyaandika kwa nini. Niseme dada yako alituletea kitabu kichafu? Amekaa mezani kwangu, amekula chakula changu, nimwaibishe mbele ya mgeni?" Nilisubiri aseme: basi nitampigia Lydia kesho, nimweleze mwenyewe, mwenye kitabu ni dada yangu. Nilisubiri mpaka nikasikia televisheni imewashwa. Ndiyo kusema Baba alijua. Nimempenda baba yangu maisha yangu yote, na jambo hilo sijamsamehe hadi ninapoandika haya.

Mwaka uliofuata nilifundishwa na bwana mmoja kwenye televisheni, mwenye tai na tabasamu ambalo halikupungua hata alipotaja makosa. Mama alichukua zamu za katikati ya wiki. Siku alizokuwa nyumbani alipiga pasi katika chumba cha pili mlango ukiwa wazi, na bwana yule alipoeleza jambo vibaya, nilisikia pasi ikisimama. Nilingoja aje. Pasi ilianza tena. Kitambaa cha kichwani na sketi ya asubuhi vilikoma, hakuna aliyetangaza. Hiyo ndiyo sehemu inayonichemsha damu, na wala si lile darasa, maana darasa la juu niliingia mwaka mmoja baadaye na nikaona halikuwa na ajabu. Mwalimu wa miaka kumi na mmoja alistaafishwa mezani kwake mwenyewe, kati ya pilau na chai, na aliyekula pilau hiyo akaenda harusini akacheza. Nimeambiwa hiyo ndiyo heshima. Nimekaa na watu wazima wengi wanaonisifia heshima ya Mama, jinsi asivyojibu, jinsi anavyobeba. Kila wakisema hivyo natamani kuuliza mbona kila siku wa kubeba ni yeye.

Sasa turudi Houston, kwenye kachumbari. Shangazi alikuwa bado ananisubiri nishukuru. Nilisema, "Asante Shangazi. Usijisumbue kukifuta. Tuna kitabu."

"Cha nani?"

"Cha Mama. Alikiandika mwaka ule. Madaftari sita."

Mutua aliendelea kula, hakuelewa chochote. Wengine walidhani nimesema jambo la kupendeza na mtu mmoja akasema wow. Lakini Shangazi alielewa. Alinitazama, kisha akamtazama Mama kwa muda kidogo, kisha akachukua bilauri yake ya maji akainywa yote bila kupumzika. Hakuomba msamaha na hakukiri, na sikutegemea. Aliinuka akasema anaenda kuangalia kama keki imebaki.

Ndani ya gari Mama hakunisemesha mpaka tulipopita nusu ya njia. Ndinda alikuwa nyuma na vipokea sauti masikioni. "Umeniaibisha," Mama alisema hatimaye. "Siku ya birthday yake." Nikamwambia sikusema uongo. "Sijasema umesema uongo." Akaangalia malori. Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya nipunguze mwendo. "Mtoto mtafutie hiyo ya video. Lydia alikuwa sawa, Mwende. Kiingereza changu ni cha Machakos. Ulipoteza mwaka kwa ajili yangu." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya petroli. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikiamini kwamba alinyamaza akijua ukweli. Sikuwahi kufikiri kwamba akiwa amenyamaza vile, mwisho aliyaamini maneno yao. Niliegesha gari kwenye kituo cha mafuta na nikalia kwa hasira, na Mama akaniuliza kama nataka aendeshe yeye.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Ndinda kwa Mama na Baba. Nilijua madaftari yalikuwa wapi, kwa sababu Mama hatupi kitu: chini ya mashuka, ndani ya mfuko wa plastiki wenye fundo. Niliyaweka juu ya meza, sasa ni meza nyingine, ya mbao, na Ndinda akaanza kusoma la kwanza, akacheka, akamwuliza nyanya yake, anayemwita Susu. "Susu, you wrote this? Who's the old man who wants a wife?" Mama, aliyekuwa akichagua maharagwe, akasema mzee huyo alikuwa anaitwa nani na alitoka wapi, na kwamba mwishowe kweli alipata mke, bibi wa chumba cha nane. Baba sebuleni alipunguza sauti ya televisheni. Nililifungua daftari la sita kwenye ukurasa wa mwisho nikaliweka mbele ya Mama, juu ya maharagwe. Zoezi la asubuhi ile. Maswali ishirini kwa mwandiko wangu wa miaka kumi na mitatu, na pembeni hakuna alama nyekundu hata moja.

Mama alilitazama. "Hili sikulisahihisha," alisema.

"Wageni walikuja."

Alisukuma maharagwe kando, akavaa miwani, akamwagiza Ndinda amtafutie kalamu nyekundu. Ndinda aliuliza kama bluu haifai. "Nyekundu," Mama alisema. Ilipopatikana alisimama, kwa sababu hajui kusahihisha akiwa amekaa, na akapita swali baada ya swali, bila haraka, midomo ikitembea. Alipofika la kumi na sita alirudi juu kidogo, akalisoma tena, akatia mkasi, alama ya kosa. Nikauliza nimekosea nini. Alinieleza kwa Kiswahili. Alikuwa sahihi. Chini ya ukurasa aliandika kumi na tisa juu ya ishirini, akaweka sahihi yake na tarehe ya siku hiyo, kisha akamgeukia mjukuu wake, ambaye alikuwa amevaa soksi za kulalia.

"Wewe," alimwambia, "Jumatatu saa tatu. Na uje umevaa viatu."